Usiseme "Hapa Hakuna Kitu"

Mwezi huu nataka tuongee juu ya kitu ambacho tunakikanyaga kila siku bila kukitazama. Kitu hicho ni majani. Sisemi majani ya chai wala majani ya mti. Nasema zile nyasi za vilima na tambarare zinazotuzunguka hapa Nakivale, zile ambazo mama anakata za kutandika, na mtoto anafungia mbuzi.

Mtu akifika mahali penye miti mikubwa anasema, huu ni msitu, tuutunze. Akifika penye nyasi peke yake anasema, hapa hakuna kitu. Ni fasi ya bure, kama tunavyosema sisi Wakongo. Na mahali panapoitwa pa bure kila mtu anajichukulia. Huyu analima, huyu anachoma, huyu anapanda miti, huyu anazungushia seng'enge. Ndivyo nyika nyingi za dunia zilivyokwisha, na watu walioishi kwa nyika hizo wakabaki bila mahali.

Mimi si mtaalamu. Nafundisha watoto, na katika masomo yetu kuna mazingira. Lakini nimeona kwamba habari hii ya majani ni habari ya familia zetu pia, na nitaeleza kwa nini.

NYIKA ZIKO KILA MAHALI

Nyika ni nchi ya nyasi. Huku kwetu Afrika nyasi zimechanganyika na migunga, kama Serengeti kule Tanzania. Marekani wanaiita preri. Kutoka Ukraine na Urusi mpaka Kazakhstan na Mongolia wanaiita stepi. Ajentina wanaiita pampa. Brazili wana nyika yao kubwa inayoitwa Cerrado.

Mwezi wa 5 mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti juu ya nchi za malisho, yaani nyika pamoja na vichaka na nchi kame ambako watu wanalisha mifugo. Ripoti hiyo ilisema malisho yanafunika karibu asilimia 54 ya nchi kavu yote ya dunia. Ilisema pia kwamba hadi nusu ya malisho hayo yameharibika. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshautangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Malisho na Wafugaji. Msitu ukikatwa habari zinasikika kwenye redio. Lakini nyasi zikiisha, ni nani anayelia?

MALI IKO CHINI

Tuanze na swali la darasani. Kwa nini ng'ombe akila majani yanaota tena, lakini mbuzi akila mche wa mparachichi unakufa?

Jibu ni hili. Mti unakua kutoka kwenye ncha zake za juu. Jani la nyika linakua kutoka chini, karibu kabisa na udongo. Ng'ombe akikata juu, pale pa kuotea panabaki. Hata moto ukipita haraka, mvua ikinyesha majani yanarudi. Nyasi zimezoea kuliwa na kuchomwa. Kitu ambacho hazikuzoea ni kung'olewa.

Tena mali ya nyasi iko chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya uhai wake ni mizizi. Kule Marekani kuna nyasi ambazo mizizi yake inashuka zaidi ya mita 2, kupita urefu wa mtu mzima. Mizizi hiyo inashika udongo usiondoke na upepo wala maji. Inasaidia mvua kuingia ndani badala ya kukimbia juu. Ikioza inakuwa mbolea, na mwaka baada ya mwaka udongo unakuwa mweusi na mnene. Kazi hiyo inachukua mamia ya miaka, hata maelfu.

Na hapo ndipo tamaa inapoanzia. Mtu anaona udongo ule mzuri, analima. Miaka ya kwanza anavuna sana, anafurahi. Kumbe anakula akiba ambayo nyasi ziliweka zamani sana. Akiba ikiisha na mizizi imeshang'olewa, hakuna kinachoshika udongo tena.

WAKIMBIZI WA VUMBI

Habari hii ilitokea kwelikweli, na nchi yenyewe ni Marekani.

Katikati ya nchi ile palikuwa na preri kubwa mno. Wenyeji wa asili waliwinda humo nyati wa Marekani, ambaye anaitwa baisoni. Watu wanakadiria kwamba baisoni walikuwa kama milioni 30 au zaidi. Wazungu walipofika waliwaua kwa ajili ya ngozi, na wengine walifurahia kazi hiyo kwa sababu baisoni wakiisha wale wenyeji wangekosa chakula na kunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1880 baisoni waliobaki hawakufika 1,000.

Kisha likaja jembe. Udongo wa preri ulikuwa na mizizi mingi hata majembe ya zamani yalishindwa. Mwaka 1837 fundi mmoja wa jimbo la Illinois, John Deere, alitengeneza plau ya chuma cha pua iliyoweza kuukata. Watu wakalima bila kuacha. Leo preri ya nyasi ndefu iliyobaki haifiki asilimia 4 ya ile ya mwanzo.

Kusini zaidi, upande wa Kansas, Oklahoma na Texas, mvua ni kidogo na upepo ni mkali. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano ilipanda, na matrekta yakaja. Watu wakang'oa nyasi mpaka upeo wa macho. Miaka ya 1930 mvua ikakataa. Ngano ikakauka, ardhi ikabaki uchi, upepo ukaanza kubeba udongo. Tarehe 14 mwezi wa 4 mwaka 1935 lilikuja wingu la vumbi lililogeuza mchana kuwa usiku. Siku hiyo waliiita Jumapili Nyeusi. Mama walitundika mashuka yenye maji kwenye madirisha ili watoto wapumue. Wengine waliugua mapafu wakafa.

Basi watu wakafunga mizigo. Mpaka mwaka 1940, watu kama milioni 2.5 walikuwa wameondoka katika majimbo ya nyika ile. Baadhi yao walikwenda California. Na wasomaji wangu, sikilizeni hapa: mwaka 1936 polisi wa mji wa Los Angeles walitumwa mpaka kwenye mipaka ya jimbo la California ili kuwarudisha watu wasio na pesa wala kazi. Walikuwa raia wa nchi ile ile, wanasema lugha ile ile, na bado waliambiwa rudini mlikotoka.

Sisi ambao tumesimama mpakani na mafurushi kichwani tunaijua hali hiyo. Wale hawakukimbia bunduki. Walikimbia udongo wao wenyewe, kwa sababu kuna mtu aliyetazama majani akasema hapa hakuna kitu.

Mwezi ule ule wa Jumapili Nyeusi serikali yao ilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo. Wakulima walifundishwa kulima kwa kufuata usawa wa kilima, kuacha mistari ya majani kati ya mazao, na kupanda nyasi upya. Sehemu zingine serikali ilizinunua na kuzirudisha kuwa nyika. Lakini mpaka leo hazijawa kama zamani.

Wengine hawakusoma somo hilo. Kuanzia mwaka 1954 Muungano wa Kisovieti ulilima stepi ya Kazakhstan na Siberia, hekta zaidi ya milioni 40. Miaka ya mwanzo ngano ilikuwa nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vumbi likaanza kuruka huko pia.

SHERIA INAONA MITI, HAIONI MAJANI

Tusifikiri kwamba ni mambo ya zamani tu. Kule Brazili, Cerrado ina ukubwa wa kilometa za mraba kama milioni 2, na karibu nusu yake imeshafyekwa, hasa kwa ajili ya soya na ng'ombe. Soya nyingi inalisha kuku na nguruwe wa nchi za mbali.

Sheria ya nchi hiyo inasema mwenye shamba katika msitu wa Amazon anatakiwa kuacha asilimia 80 ya ardhi yake na mimea ya asili. Lakini katika sehemu kubwa ya Cerrado anatakiwa kuacha asilimia 20 tu. Na ni katika Cerrado ambamo mito mingi mikubwa ya Brazili inaanzia. Yaani msitu umepewa mlinzi, lakini majani yanayotunza chemchemi yameachwa mlango wazi.

MTI MZURI, MAHALI PABAYA

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu sitaki mtu aseme mwalimu anapinga kupanda miti. Miti ni mizuri. Tunaihitaji kwa kivuli, kuni na matunda. Panda nyumbani, panda kando ya barabara, panda shuleni, rudisha msitu pale ulipokuwa msitu. Lakini kuijaza nyika miti ni kuiua nyika. Majani yanataka jua. Yakifunikwa na kivuli yanakufa, na wanyama wanaoyala wanahama au wanakufa.

Majirani zetu wa Kenya waliona jambo hilo. Miaka ya 1980 katika wilaya ya Baringo uliletwa mti wa kigeni ambao wenyeji wanauita mathenge. Ulikuja kwa nia njema, ili watu wapate kuni na vumbi lipungue. Lakini ulisambaa wenyewe, ukafunga malisho na njia za kwenda majini kwa miiba yake. Maganda yake yana sukari nyingi. Mbuzi waliyapenda, yakawaozesha meno mpaka wakashindwa kula. Watu wa huko walifungua kesi mahakamani Nairobi mwaka 2006, na mbuzi aliyepoteza meno akawa sehemu ya ushahidi. Wengine walicheka waliposikia habari hiyo. Lakini familia inayoishi kwa maziwa ya mbuzi haiwezi kucheka.

HAPA KWETU UGANDA

Sasa turudi karibu na nyumbani. Hifadhi ya Ziwa Mburo haiko mbali na sisi. Maji ya mto Rwizi yanayopita Mbarara yanaingia katika maziwa ya huku, Mburo na Nakivale yakiwa ndani yake. Zamani nchi hii yote ilikuwa ya nyasi, punda milia, swala, na ng'ombe wa pembe ndefu wa Wahima.

Nyika hiyo imepitia mambo mengi. Miaka ya 1950 na 1960 wanyamapori wengi walipigwa risasi ili kumaliza mbung'o, wale inzi wanaoambukiza mifugo na watu ugonjwa. Miaka hiyo ya 1960 sehemu kubwa ya malisho ya Ankole ilikatwa vipande vikubwa vya kufugia, vikapewa watu binafsi. Mwaka 1983 Mburo ilifanywa hifadhi ya taifa, na wafugaji waliokuwa ndani wakaondolewa bila kuandaliwa mahali pa kwenda. Serikali ya wakati huo ilipoanguka mwaka 1985, watu walirudi na hasira zao. Waliharibu majengo ya hifadhi na kuua wanyama, kwa sababu waliona wanyama ndio waliowafukuza. Mwaka 1987 serikali mpya ilikata sehemu kubwa ya hifadhi ikawapa watu.

Ndani ya ile sehemu iliyobaki likaja tatizo lingine la kimya kimya. Vichaka vya migunga vilianza kula nyasi. Ndovu waliokuwa wanaivunja migunga hawako tena. Moto uliokuwa unaichoma ingali midogo umepungua, kwa sababu majani yakiliwa mpaka chini hakuna cha kuwaka. Mwaka 2015 waliletwa twiga 15 kutoka Murchison Falls, na kazi yao mojawapo ilikuwa kula migunga. Naona ni jambo la hekima, kurudisha mdomo uliokosekana.

Kule Rwanda pia kuna Akagera. Baada ya mwaka 1994 wakimbizi wa zamani walirudi kwao na ng'ombe, wengi wakitoka hapa Uganda. Walihitaji mahali. Mwaka 1997 hifadhi ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili wapate ardhi. Simba walikuja kuisha kabisa, mpaka mwaka 2015 walipoletwa wengine 7 kutoka Afrika Kusini. Sisemi walikosea kupewa ardhi. Mtu aliyekaa ukimbizini zaidi ya miaka 30 anatakiwa kupata mahali. Nasema tu kwamba ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa.

NG'OMBE NA MAHINDI

Methali inasema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi wakimbizi tunaipenda methali hiyo, kwa sababu tunajiona sisi ndio nyasi. Lakini iko pia njia ya kinyume. Nyasi zikiisha, tembo wanapigana.

Tazameni maisha yetu hapa. Kila ukame tunasikia maneno yale yale. Ng'ombe wa jirani wameingia katika mahindi ya mkimbizi. Mkimbizi amempiga ng'ombe. Vijana wamechukua fimbo. Mwenyekiti ameitwa, polisi wameitwa. Na katika kelele hiyo watu wanaanza kutukanana kabila na nchi, wakati mwanzo wa matata ni mdogo kabisa: ng'ombe alikuwa anakwenda majini, na njia yake ya zamani sasa ni shamba.

Mkulima ana haki, kwa sababu watoto wake watakula nini? Mfugaji naye ana haki, kwa sababu ng'ombe ndiye benki yake na karo ya mtoto wake. Wote wawili wanabanwa na kitu kimoja, nacho ni majani kupungua. Makambi yamejaa, sisi wa Nakivale tumezidi laki moja. Wenyeji nao wameongezeka na wanapanua migomba. Miti inakatwa kwa makala, au makaa kama wengine wanavyosema. Kati yetu wamo waliotoka bonde la Ruzizi na milima ya juu ya Uvira, na wanajua ugomvi wa malisho na shamba unaweza kufika wapi ukiachwa. Tusiuache ukue hapa.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kambi haiwezi kuokoa nyika ya Brazili. Lakini kuna mambo ambayo familia inaweza kuyafanya bila kungoja mradi wala semina.

1. Usilime njia ya ng'ombe ya kwenda majini. Utapoteza mistari michache ya mahindi, lakini utaokoa shamba zima. Wakulima wanaopakana wakae na wafugaji kabla ya msimu, wakubaliane njia ipite wapi.

2. Usilime mpaka ukingo wa ziwa au kinamasi. Nyasi za pale ndizo zinazochuja udongo usiingie majini. Ziwa Nakivale na maeneo yake yenye maji yanatambuliwa kimataifa tangu mwaka 2006, lakini samaki hawasomi karatasi. Wanataka maji safi.

3. Shamba likiwa kwenye mteremko, acha mistari ya majani kukata kilima, au panda matete, yale ambayo Warundi na Wanyarwanda wanayaita urubingo. Yanashika udongo, na ukiyakata ni chakula cha mbuzi.

4. Usichome ovyo. Nyasi zinavumilia moto, lakini moto wa kila mwaka mwishoni mwa ukame, kisha mvua kubwa juu ya ardhi iliyo uchi, unaondoa udongo. Majani makavu yatandaze chini ya migomba na maharage, kama wenyeji wetu wanavyofanya. Yanatunza unyevu.

5. Baada ya kuvuna, mwache mfugaji mliyeelewana naye alishe mabua shambani. Ng'ombe atakula mabua, nawe utabaki na mbolea. Ni mapatano ya zamani katika Afrika, na hayagharimu shilingi.

6. Ukipewa miche, uliza kwanza: mti huu ni wa aina gani, na pale ninapoupanda kulikuwa na nini?

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI

Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa hapa kambini. Wanajua bei ya sabuni na siku ya mgao, lakini wengine hawawezi kutaja majina matatu ya nyasi. Ninyi wazee mnayajua. Mnajua ipi ya kuezekea, ipi ya ufagio, ipi ng'ombe akila anaongeza maziwa, ipi ikiota inaonyesha udongo umechoka. Elimu hiyo haimo katika vitabu vyangu. Jumapili moja mtembee nao kidogo, muwaonyeshe, na majina yaandikwe katika daftari kwa Kifuliiru, Kinyamulenge, Kibembe, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali, lugha yoyote mliyo nayo.

Na jioni mkiwa pamoja ongeeni juu ya maswali haya matatu. Pale tulipojenga nyumba yetu palikuwa na nini kabla yetu? Ng'ombe wa jirani wanapita wapi kwenda majini? Ni sehemu gani ya shamba letu tunayoweza kuiachia majani msimu huu?

Mungu akitujalia, iko siku tutarudi kwetu, au tutapelekwa nchi nyingine, na watu wengine watakuja kukaa hapa. Wakute udongo unaoshika mvua, na njia ambayo ng'ombe wanapita bila watu kupigana.